Mwalimu Wistin Rapa na Ukurasa wa Kijiji Chake

Padri Salv, majirani, walimu wenzake, na ninyi mliovuka na feri ya asubuhi kutoka Malta, familia inawaomba walioegemea nguzo huko nyuma watafute pa kukaa, maana historia hii ingeweza kuwa fupi na haikuwa, na waliosababisha isiwe fupi wamo humu kanisani, tena wamekaa safu za mbele.

Marehemu Augustinu Rapa, ambaye hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa serikali na daktari wa meno, kwa sisi wengine wote Wistin, mtoto wa nne wa Pawlu na Ġuditta Rapa, wa ukoo unaoitwa wa Radi, alizaliwa tarehe 28 Agosti 1946, siku ya mtakatifu somo wake, katika nyumba ya mawe iliyo nyuma ya chemchemi hapa Għajn Lewża, kisiwani Għawdex, jirani mdogo wa Malta, vita vikiwa vimekwisha mwaka uliotangulia na unga ukiwa bado ni wa mgao. Baba yake alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya Klabu ya Upanga, babu yake alikuwa mpiga ngoma wa bendi hiyohiyo, na siku ya ubatizo mjomba mmoja alimfunga mtoto utepe mwekundu wa Upanga begani kabla padri hajammwagia maji, hivyo Wistin alikuwa mtu wa Upanga kabla hajawa Mkristo.

Kwa mliovuka, ielezwe mara moja na isirudiwe: kijiji hiki kina kanisa moja, na mtakatifu mmoja, Paulo, ambaye meli ilimvunjikia katika visiwa vyetu, na klabu mbili za bendi zinazompigia muziki mtakatifu huyohuyo mmoja, Upanga upande wa mashariki wa uwanja na Nanga upande wa magharibi, na kila klabu inaamini kwamba yenyewe ndiyo iliyoanza na ile nyingine ilijitenga kwa wivu. Watu wa klabu hizi huoana, huuguzana, huazimana sukari na ngazi, lakini tangu enzi za babu zao hawajawahi kukubaliana juu ya sentensi moja.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1951 hadi 1957, kisha akaenda sekondari Rabat, mji mkuu wa kisiwa hiki, akitembea kwa miguu kwenda na kurudi, na huko akampata mwalimu wa jiografia aliyewakataza wanafunzi kuchora ramani ya mahali ambapo hawajafika kwa miguu yao, jambo lililomfanya Wistin akizunguke kisiwa chote kabla ya kubalehe, mashamba ya chumvi, majabali, mabonde ya mpungate, na kila kanisa lenye kuba. Septemba 1964 alivuka kwenda chuo cha ualimu Malta, mwezi uleule nchi ilipopata uhuru, na miaka yote alisema kwamba alipata uhuru na kichefuchefu cha bahari katika mwezi mmoja na hajui kipi kilimtikisa zaidi. Alihitimu Juni 1966.

Oktoba 1966 alianza kufundisha hapa kijijini, mwaka 1975 akahamishiwa sekondari ya Rabat, akafundisha jiografia na historia mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2007, na kila kiangazi tangu mwaka 1970 aliwatembeza wageni. Imezoeleka katika historia za namna hii kusema kwamba marehemu alikuwa mpole, mvumilivu, na hakuwahi kumkwaza mtu. Familia isingependa kuanza uongo mbele ya jeneza. Wistin alikuwa mkali, alichukia uvivu wa kufikiri kuliko alivyochukia joto la Agosti, aliwahi kumshusha mgeni kwenye basi kwa kusema kwamba hapa hakuna cha kuona ila mawe, akamwambia, "Bwana, hayo mawe yalikuwa hekalu kabla watu wako hawajajua kuvaa viatu, shuka uyaombe radhi," na yule bwana alishuka, na miaka mingi baadaye alikuwa bado anamtumia kadi kila Krismasi.

Tarehe 14 Novemba 1971, katika kanisa hili, Wistin alifunga ndoa na Konċetta Attard, Ċetta wetu, binti wa familia iliyokuwa Nanga mpaka kwenye rangi ya sahani zao. Wazee wa pande zote mbili walitoa machozi siku hiyo, na si yote yalikuwa ya furaha. Kila Julai sikukuu ya kijiji inapofika nyumba hutundika bendera, na katika nyumba yao bendera ya buluu ya Nanga ilitundikwa kwenye roshani na ile nyekundu ya Upanga kwenye paa, kwa makubaliano kwamba Upanga ina upepo na Nanga ina watazamaji, na hapo ndipo Wistin alipojidanganya kwamba jambo lililowezekana ndani ya nyumba moja litawezekana uwanjani. Mungu aliwajalia watoto wawili, Marjanu, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1973, na Filumena, aliyezaliwa tarehe 19 Mei 1976, na wote wawili hawajui kupiga chombo chochote, kwa amri ya mama yao.

Sasa kitabu.

Julai 1981, juu ya ukuta wa ngome ya Rabat, Wistin alikuwa anawaeleza wageni habari za mwaka 1551, jinsi karibu watu wote wa kisiwa walivyochukuliwa utumwani katika mwezi kama ule na jua kama lile, ndipo mama mmoja, kwa nia njema kabisa, akafungua kijitabu chake cha safari kilichochapwa nchi za mbali, akamwonyesha mstari uliosema kwamba kisiwa chetu kinatosha kuonwa kwa nusu siku pamoja na chakula cha mchana. Wistin alirudi nyumbani na hakugusa mkate.

"Ċetta, sisi ni nusu siku," alisema.

"Nusu siku ya nini?"

"Ya kuonwa. Pamoja na chakula."

"Basi kaa ule chako, maana hicho ulichokiacha kinaonwa na nzi."

Alianza kuandika wiki hiyohiyo, na kufikia mwaka 1984 alikuwa amekimaliza kitabu ambacho kila mmoja wenu amekisikia na hakuna aliyekishika, kitabu cha kumwongoza mgeni katika Għawdex. Ndani yake alieleza jinsi udongo wa buluu uliolala katikati ya mawe ya chokaa unavyoyazuia maji yasipotee, ndiyo maana vilima vyetu vina vichwa bapa na chemchemi miguuni. Alieleza mahekalu, watawala waliokuja na kuondoka, na lugha yetu iliyobeba maneno ya Waarabu mpaka ndani ya sala za Wakatoliki. Alieleza jibini ndogo za maziwa ya kondoo na kwa nini zikaushwe kwenye upepo na si juani. Na kila kijiji alikipa ukurasa mmoja. Vijiji vingine vilipita bila taabu. Kilichobaki kilikuwa hiki chake.

Ukurasa wa Għajn Lewża ulihitaji kusema kwamba kijiji kina bendi mbili, na bendi mbili haziwezi kutajwa kwa mkupuo, moja lazima itangulie. Mtu wa kwingine angeandika tu na kulala. Wistin hakuweza, na familia haifichi kwamba ukaidi wake ulikuwamo, alitaka klabu zote mbili zikubali ukurasa ule kabla haujaenda kwa mpiga chapa, na sababu yake aliirudia mpaka tukaijua kama Baba Yetu: mgeni atashuka na kitabu, ataingia baa ya kwanza, mwenye baa atamwambia aliyeandika ni mwongo, na mgeni akishaambiwa hivyo juu ya bendi hataamini tena hata mahekalu.

Mwaka 1985 aliitanguliza Upanga. Shemeji yake Karmnu Attard, ambaye tayari alikuwa rais wa Nanga, hakumpelekea Wistin samaki mwaka mzima, na kwa wanaomjua Karmnu na mtumbwi wake hiyo ni adhabu. Mwaka uliofuata akaitanguliza Nanga, na kaka yake mwenyewe, Żeppu Rapa, rais wa Upanga, alisimama hapo nje baada ya Misa ya saa nne, watu wakitoka, akamwambia, "Baba amekufa mara ya pili leo, na safari hii umemuua wewe." Mwaka 1989 Wistin akaziweka kurasa mbili zinazotazamana, klabu hii huku na ile kule, yakazuka maneno kuhusu jicho la msomaji huanzia wapi, akajitolea kuchapa matoleo mawili, moja likiitanguliza hii na jingine ile, na kila klabu ikataka kujua kwanza toleo la wenzao litawekwa duka gani.

Mwaka 1993 alichoka, akaziondoa zote mbili, akaandika kwamba kijiji kina muziki.

Wale marais wawili walikuja jioni hiyohiyo, pamoja, na Ċetta alipofungua mlango hakujua aite padri au mpiga picha, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaona wakisimama kwenye kizingiti kimoja.

"Shemeji, umetufuta," alisema Karmnu.

"Umetufuta sote," alisema Żeppu, na alipojisikia anasema sote, akasogea hatua moja pembeni.

"Kumbe mnaweza kukubaliana!" Wistin alipiga makofi. "Kaeni. Ċetta, lete divai. Nani atangulie?"

Divai ilinyweka. Jibu halikupatikana.

Wakati watu wazima wanabishana hivyo, kisiwa hakikungoja. Mwaka 2008 lira ilikufa ikaja yuro, Wistin akaandika upya kila mahali palipotajwa nauli na bei ya tiketi. Njia za mabasi zikabadilishwa, akaandika upya. Wanawake waliosuka lesi milangoni mwao, ambao alikuwa amewataja kwa majina, wakafa mmoja mmoja, naye akawa anabadilisha yupo kuwa alikuwepo, kazi ambayo Filumena anasema ndiyo pekee iliyomtoa baba yake machozi mezani. Na asubuhi ya tarehe 8 Machi 2017 tao la mawe la Dwejra, lile Dirisha la Buluu ambalo picha yake ilikuwa ndiyo jalada la kitabu tangu mwanzo, liliporomoka baharini katika dhoruba, likatoweka lote, halikubaki hata jino. Wistin alikwenda akasimama pale na watu wengine kwenye mvua. Aliporudi, Ċetta alimpa taulo akamuuliza kumebakia nini kule.

"Bahari," alisema. "Hata jiwe limechoka kungoja, Ċetta."

Baada ya siku hiyo klabu ziliona haya, au walau zilijua zinatakiwa kuona haya, zikaunda kamati ya pamoja, ambayo ilipoteza mwaka wa kwanza kuamua ikae wapi, ikakaa humu kanisani, sakristia, na mwaka 2019 ikaleta sentensi, kwamba kijiji kina bendi mbili zilizoanzishwa mwaka mmoja. Wistin aliipokea kama mtu aliyeletewa mtoto mchanga. Ilidumu mpaka mjumbe mmoja alipotaka iongezwe kwamba moja ilianza asubuhi. Kisha ukaja ugonjwa uliofunga milango ya dunia nzima, na kamati ikafungwa pamoja na dunia, na dunia ilipofunguliwa kamati haikufunguliwa.

Afya ya marehemu ilianza kuyumba mwaka 2020, figo zikagoma, akawa anakwenda hospitali mjini Rabat kusafishwa damu, na alikuwa mgonjwa msumbufu, aliwasahihisha wauguzi majina ya mabonde walimozaliwa, akawauliza wagonjwa wenzake maswali ya mtihani. Desemba 2024 alilazwa na hakutoka tena. Wiki ya Krismasi Żeppu na Karmnu walikwenda kumwona, kila mmoja akidhani mwenzake atakwenda kesho yake, wakakutana kando ya kitanda chake, na kwa kuwa walijua hali ilivyo walianza vizuri, wakaulizia chakula, wakaulizia usingizi, wakalaumu hali ya hewa, kisha Karmnu akasema ukurasa ule wangeumaliza leo hapahapa, mbele ya mgonjwa, Nanga ilikuwa tayari kukubali kutajwa pamoja.

"Pamoja, lakini wapi?" aliuliza Żeppu.

"Pamoja ni pamoja, Żeppu, acha hizo."

"Kwenye mstari kuna kushoto na kulia, bwana, hata pamoja ina kushoto na kulia."

Wistin alikuwa amefumba macho. Aliyafumbua, akawatazama mmoja baada ya mwingine, naye ndiye aliyefundisha nusu ya watoto wao na wajukuu wao.

"Tokeni na bendi zenu," alisema. "Hapa tayari kuna mashine inayopiga kelele, na hiyo angalau inanisaidia." Walipofika mlangoni akamwambia mkewe, aliyekuwa amekaa karibu naye, kwa sauti ambayo alikusudia wote wawili waisikie, "Ċetta, utaandika wewe ule ukurasa. Usimuulize mtu. Hata mimi usiniulize."

Ċetta, ambaye katika miaka yote hiyo hakuwahi kusoma hata sura moja ya kitabu kile kwa sababu, kama asemavyo, alikuwa anaishi ndani yake, aliandika kesho yake asubuhi kwenye meza ya jikoni, kabla maharage hayajachemka. Alimsomea hospitali. Wistin alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama mashine, na akasema asiguse mtu hata nukta. Marjanu alikipeleka kitabu kwa mpiga chapa tarehe 3 Januari, mpiga chapa akaahidi Ijumaa, Ijumaa ikawa Jumatatu kama kawaida ya wapiga chapa, na Jumapili tarehe 12 Januari 2025, saa tatu asubuhi, Wistin Rapa alifariki akiwa na umri wa miaka sabini na minane, mkewe akimshika mkono. Vitabu vililetwa kesho yake, saa nne, vikapokelewa na nyumba yenye watu wa rambirambi. Wistin hakukishika, hakukinusa wino, na hilo halitarekebishika, na familia haioni haja ya kulipamba kwa maneno ya Mungu amependa, kwa sababu tunadhani Mungu alikuwa tayari tangu mwaka 1984.

Ukurasa wa Għajn Lewża, ambao marais wa klabu zote mbili wanausikia sasa kwa mara ya kwanza sawa na ninyi nyote, unasomeka hivi:

"Ukitoka Rabat shuka kituo cha chemchemi. Maji yake yananywika. Mkate unatoka tanuri asubuhi na mchana, wa asubuhi ndio bora, uombe na nyanya na kapari, vitumba vya maua vilivyotiwa chumvi. Kanisa liko wazi mpaka saa sita, funika mabega. Julai kuna sikukuu na hutalala siku nne kwa fataki na muziki, na muziki ni mzuri sana, kuliko wa vijiji vingine, hilo nalisema bila kuona aibu. Wanaoupiga ni waashi, wavuvi, makarani na wanafunzi wanaofanya mazoezi majira yote ya baridi katika vyumba visivyo na joto, nao watakukaribisha divai hata usipoomba. Usiwaulize ni bendi ipi iliyoanza. Mume wangu aliuliza. Ukiuliza, chakula chako kitapoa, utakosa basi la mwisho, na utazeeka hapa."

Aliye na pingamizi, mwandishi wa ukurasa huo amekaa safu ya kwanza, amevaa nyeusi, na hajalala vizuri tangu Jumapili, kwa hiyo mwenye pingamizi na afikirie.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia marehemu kuliko alivyowavumilia wao. Inawashukuru majirani wa barabara ya chemchemi walioleta supu, viti na kimya. Inawashukuru walimu wenzake, na wanafunzi wake wa miaka arobaini, hasa waliokaa naye wakati wa kusafishwa damu na kukubali kuulizwa maswali. Inamshukuru mpiga chapa, ijapokuwa Ijumaa ni Ijumaa. Jana jioni klabu zote mbili zilituma watu nyumbani, mmoja kwa mlango wa mbele na mwingine kwa mlango wa bustani, kuulizia kwa heshima zote zitashukuriwa kwa utaratibu gani katika maneno haya. Ċetta amewajibu kwamba vitabu viko kwenye meza karibu na mlango mkubwa, ukurasa wenu mmeusikia, na atakayetaka kushukuriwa achukue nakala, aipeleke kwenye baa ya klabu yake, aiweke mahali ambapo mgeni ataiona, na mgeni akiuliza kama ni kweli, ajibu ndiyo.

Hivyo tu. Ndiyo. Tangu mwaka 1984 hakuomba kitu kingine.

Wistin, kimechapwa. Sasa pumzika.